Mbao Tisa za Belarmina

Ukumbi wa mpira wa kikapu wa klabu ya Estiva, kule chini karibu na bandari ya Maputo, una mbao tisa zilizokufa. Nazijua kwa sababu nimezipiga deki kwa miaka ishirini na mbili. Ziko kwenye kona, mkono wa kushoto ukiitazama meza ya waandika pointi, mahali ambapo bati la juu lilikuwa likivuja tangu wakati wa vita na hakuna mtu aliyepanda kulitazama. Mbao nyingine ukizidundia mpira zinaurudisha mkononi kama mbwa aliyeitwa na mwenyewe. Hizo tisa haziurudishi. Mpira ukitua juu yake unakaa chini kama umeangukia unga, na mchezaji anabaki ameshika hewa.

Mgeni hawezi kuzitambua. Hapo ndipo tulipokuwa tukiwapatia wageni.

Nataka kusimulia habari za Belarmina Tivane, aliyecheza pale miaka kumi na tisa, pamoja na ile aliyokwenda nje. Nimeanza na mbao kwa sababu bila mbao habari yake ingekuwa kama ya wachezaji wengine wote: alicheza, akapendwa, goti likaharibika. Mimi si msomi. Nilitoka Palma, kaskazini kabisa, nikateremka na nchi hii polepole, mji huu miezi sita, mji ule miaka miwili, mpaka nchi ikaniishia, nikapewa ufagio. Kwa hiyo nikizungukazunguka mtanisamehe, ndiyo mwendo wangu.

Belarmina alizaliwa mtaa wa Chamanculo, hapahapa Maputo. Mama yake, Rosita, alikuwa akikaanga bajia mlangoni pake, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na uwanja wa saruji wenye chuma cha kikapu kisicho na wavu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, hana uzuri wa kukimbia. Lakini mpira mkononi mwake ulikuwa kama umefungwa uzi. Alipofika miaka kumi na saba Estiva wakamchukua.

Wakati huo mlinzi kiongozi wetu, yule anayeupandisha mpira na kuwapangia wenzake, alikuwa mwanamke mmoja mnene aitwaye Arlete, miaka thelathini na nne, mvuta sigara. Siku moja adhuhuri, ukumbi mtupu, Arlete alimwambia yule msichana avue viatu. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu. Akamshika mkono wakatembea miguu mitupu hadi kwenye kona. Arlete akawa anasimama juu ya kila ubao mbovu na kuugonga kwa kisigino. Alisema, "Huu. Na huu. Na huu." Walipomaliza tisa akavaa viatu, akaenda kuwasha sigara yake kwenye ngazi, na jezi hakuivaa tena mpaka leo.

Ndivyo walivyofanya pale Estiva. Mlinzi kiongozi anamwonyesha anayemfuata, mara moja tu, kwa nyayo, na akishaonyesha ameshamaliza kazi. Makocha walijua kuna kitu kwenye kona ile lakini hawakuuliza, kama vile mwanamume asivyouliza mambo wanayoambiwa wasichana chumbani. Wachezaji wengine walikariri mbao mbili tatu kwa madoa ya maji yaliyokuwa juu yake. Mwenye zote tisa alikuwa mmoja.

Mwaka uleule mchezaji mwenzake Belarmina, Zulmira, msichana mrefu kama mlingoti, alishika mimba akaacha mchezo. Alijifungua siku tuliyochukua kombe la taifa, mtoto wa kike, akampa jina la Belarmina.

Kwetu Palma ukiwa na somo, mtu mwenye jina lako, mnataniana, mnapeana peremende, basi. Watu wa kusini wana jambo zito zaidi. Kwao mtoto aliyepewa jina lako ni wewe. Mama Rosita tangu siku ile alimwita yule mtoto mchanga "binti yangu", na akimkuta ana mafua anamwuliza Belarmina mkubwa kama amekunywa dawa. Zulmira naye, kwa kuwa kamzaa Belarmina, akapata haki ya kumwita rafiki yake "mwanangu", na haki hiyo hakuiacha ilale hata siku moja. Walikuwa wameachana miezi mitatu tu kwa umri. Akimwona anapita sokoni Xipamanine, ambako Zulmira alikuwa akiuza nguo za mitumba, anamwita mbele za watu, "Mwanangu, umekula leo? Mbona umenikondea hivyo?"

Na huwezi kumkasirikia somo wako. Hilo halipo kabisa. Ni kama mtu kujinunia.

Belarmina alimpenda yule mtoto. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemnunulia kapulana, kanga ya huku kusini, yake ya kwanza. Alipokwenda kucheza Luanda misimu miwili alimletea viatu vya mchezo kabla hajajua kutembea vizuri. Alipokwenda Coimbra, Ureno, akaleta koti la baridi lenye manyoya shingoni, na mtoto akalivaa Januari, jua linawaka, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kope, akakataa kulivua kwa sababu lilitoka kwa somo wake. Ili wasichanganywe watu walimwita mdogo Mina.

Belarmina alirudi kutoka Coimbra na kovu gotini na jina kubwa. Makombe ya taifa alichukua manane. Klabu ilimpa kazi bandarini ya kugonga mihuri kwenye karatasi za malori asubuhi, jioni anafanya mazoezi. Kitu kimoja tu hakukipata, kombe la vilabu vya Afrika. Fainali mbili alifika, mbili akashindwa, na ile ya pili, Dakar, tulishindwa kwa pointi moja na mpira wa mwisho ulikuwa mkononi mwake. Aliwahi kuniambia, "Babu Amurane, ule mpira wa Dakar bado ninao hapa," akinionyesha kiganja. Nilikitazama kweli, kama mjinga.

Halafu Mina akakua. Alichukua urefu wa mama yake, na mkono wa kushoto na wa kulia kwake haikuwa na tofauti. Alipofika miaka kumi na tisa aliingia timu ya kwanza ya Estiva, nafasi ileile ya somo wake.

Mnaweza kudhani wivu huingia na kelele. Wa Belarmina uliingia kama maji yanavyoingia kwenye ubao, huoni kitu, rangi ni ileile, mpaka siku utakapougonga. Alianza kuhesabu. Kocha wetu, mwalimu Guambe, mtu mzuri asiye na siri, alikuwa akipenda kuita majina mazoezini. Jioni moja Belarmina ameweka goti lake kwenye ndoo yangu ya barafu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kocha ametaja jina la Mina mara thelathini na moja.

"Na lako?"

"Mara nne. Na mbili alikuwa ananiuliza Mina yuko wapi."

Nilicheka. Yeye alikuwa anatazama mlangoni, ambako Mina alikuwa anashuka ngazi mbili mbili, magoti mapya yanakunjika na kukunjuka bila kulia.

Akaanza kukumbuka vitu. Lile koti, kwamba alilinunua kwa kulala njaa siku tatu. Viatu. Namna ya kuutupa mpira bila kuutazama, ambayo aliivumbua mwenyewe kwenye saruji ya Chamanculo na sasa watu walikuwa wakiiita ya Mina. Alikuwa hamwambii mtu, kwani angemwambia nani? Siku moja alijaribu kwa Zulmira. Tulikuwa langoni baada ya mechi ambayo Mina alifunga pointi ishirini, na Zulmira alipomwona uso akamwuliza, "Mwanangu, uso huo wa nini? Waliofungwa si wale kule?"

Belarmina akasema amefunga Mina.

"Mina nani? Aliyefunga ni wewe. Miguu yangu, jina lako, tumegawana."

"Mimi katika mgao huo nimepata nini hasa?"

Zulmira akacheka mpaka akashika nguzo ya lango. Alidhani ni utani, kwa sababu kwao hapo hakuna kitu kingine kinachoweza kuwa.

Na Jumapili kulikuwa na chakula kwa Mama Rosita. Nami nilikuwa nikialikwa, mzee asiye na mke. Mama alikuwa na mchezo wake mmoja aliourudia kila wiki: anampakulia Mina kwanza, wali na matapa, yale majani ya muhogo yaliyokolea karanga, halafu upawa unaruka sahani ya mwanawe wa kumzaa, na akiulizwa anajibu, "Nimeshampa Belarmina." Meza nzima inaangua kicheko, kisha mtu anapakuliwa. Belarmina alicheka miaka yote. Mwaka ule nilimwona kicheko chake kinaisha kabla ya cha wenzake.

Sasa turudi kwenye ukumbi. Ilitangazwa kwamba kombe la Afrika la vilabu litachezwa Maputo, kwetu, na klabu ikafunga ukumbi miezi sita kuutengeneza. Timu ikafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Bati likabadilishwa. Sakafu ikasuguliwa na kupakwa vanishi, ikang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Madoa yote ya maji, ambayo Mina alikuwa akiyakwepa tu kwa kuiga wenzake, yakapotea, na watu wakasema kona imepona.

Siku ya kwanza kupiga deki nikajua haijapona. Ubao mzima unalia chini ya fagio, uliokufa unanyamaza. Tisa zilikuwa kimya palepale. Nikamwendea mwalimu Guambe. Akanipiga bega, akasema, "Babu, Belarmina atamwonyesha Mina. Ni somo wake. Unadhani atamficha?" Na mimi nikaona kweli, nimeuliza swali la kipuuzi. Wachezaji wengine nao hawakumwambia msichana kitu. Kila mmoja alifikiri hivyohivyo: kichwani mwa Belarmina mkubwa kukiwa na jambo, na kwa mdogo limo. Kama si watu wa kusini, mtu mmoja angalau angemshika yule mtoto mkono akamwambia tahadhari na kona ile. Lakini ungeanzaje kumpa mtu habari ya somo wake? Ni kumtukana.

Mina mwenyewe aliuliza. Ilikuwa wiki ya mashindano, mazoezi yamekwisha, wamekaa wawili kwenye benchi na mimi nakamua tambara nyuma yao. Alisema, kwa adabu, mikono yote miwili magotini kama anavyokaa mtu mbele ya somo wake, kwamba amesikia kuna kitu cha sakafu ambacho ni yeye atakayemwonyesha.

Belarmina alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Sakafu mpya hii. Hayo yalikuwa ya zamani, yamekwisha."

Nilisikia. Akageuka akaniona nimesikia. Tulitazamana, halafu mimi nikatazama ndoo. Nalisema hili kwa kuwa ni haki nilitaje.

Alichotaka nakielewa. Kuonyesha ni kumaliza. Alikuwa na miaka thelathini na sita, fainali moja imebaki maishani mwake, nyumbani kwake, na alitaka kuwa amesimama ndani ya mistari wakati kombe lile linachukuliwa. Hakutaka lichukuliwe na mtu mwingine kwa jina lake, hata kama dunia nzima ya Chamanculo ingemwambia ni yeye.

Mechi zote alianza yeye. Mina aliingia dakika tatu nne za mwisho, mchezo umeshaamuliwa, na kwenye mazoezi watu wa televisheni walikuwa wamejaza nyaya zao upande ule wa kona, hivyo timu ilitumia kikapu cha pili. Msichana hakupata nafasi ya kugundua lolote. Ijumaa, nusu fainali, Belarmina alitua juu ya mguu wa mtu. Tulishinda, lakini Jumamosi goti lilikuwa limevimba kama papai.

Jumapili saa tano asubuhi mwalimu Guambe akawakusanya akasema fainali ataanza Mina. Belarmina akaitikia kwa kichwa, akasema sawa Mwalimu. Akaingia chooni akafungulia bomba, maji yakamwagika muda mrefu sana. Mchezo ulikuwa saa nane. Kutoka saa tano hadi saa nane alikuwa na muda wa kuzionyesha mbao mara mia. Alikaa amejifunika taulo usoni.

Wapinzani walikuwa timu ya Luanda, ileile aliyoichezea zamani. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nusu ya kwanza tulishambulia kikapu cha pili, mbali na kona, na Mina, jamani, alicheza. Nimeona wengi. Alipita katikati ya wale wanawake wakubwa wa Luanda kama mtu anayepita kwenye mlango wa kwao. Pointi kumi na nne kabla ya mapumziko. Ukumbi mzima uliimba jina, si Mina, lile refu lenyewe, na Belarmina alikaa kwenye benchi anasikia jina lake linaimbiwa mtu mwingine. Mimi nakaa nyuma ya benchi na fagio langu, naona migongo tu. Mgongo wake haukutikisika.

Tuliongoza kwa pointi tisa. Baada ya mapumziko timu zikabadilisha vikapu.

Luanda sasa wakaanza kumsukumia Mina kushoto, wawili wawili. Mara ya kwanza alipofika kona akadundisha mpira, mpira ukalala. Mlinzi wa Luanda akauokota kama mtu anayeokota sabuni iliyoanguka, akaenda kufunga. Mina akatazama kiganja chake. Mara ya pili hivyohivyo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni mtoto bado, ameogopa. Mara ya tatu aliponyang'anywa hakurudi hata kukaba, alisimama pale anaukunja na kuukunjua mkono. Tulikuwa nyuma kwa pointi tano.

Mwalimu Guambe akageuka. "Belarmina. Goti?"

"Goti lipo."

Alipoinuka ukumbi uliinuka naye. Nilikuwa sijasikia sauti ile tangu ubingwa wake wa tatu au wa nne. Akaingia anachechemea kidogo, na baada ya mpira mmoja hakuchechemea tena. Sijui maumivu aliyaweka wapi. Alicheza dakika nne. Alimfuata mlinzi wa Luanda kabla hajaupandisha mpira, anamkaba kwa bega, taratibu, kama unavyomwongoza kuku kwenye tundu, mpaka akamfikisha kona, na mpira wa yule mwanamke ukafa pale miguuni mwake. Belarmina akauchukua akafunga. Akarudia tena. Tukawa nyuma kwa pointi moja tu. Wanaume wazima walikuwa wanalia, na kwenye kiti cha mbele Mama Rosita alikuwa amefunga kapulana kiunoni kama anataka kuingia mwenyewe.

Alikuwa amepata alichokitaka, chote, na alikuwa amekipata kwa ile kona.

Kengele ya kumaliza robo ya tatu ikalia. Nilimwona anarudi huku anatabasamu, kisha akamtazama Mina. Mina hakuwa akitazama mchezo. Alikuwa ameinama mwishoni mwa benchi, anatemea mate kiganja chake, anakifuta kwenye kaptula, anakitazama, anakitemea tena. Alikuwa anauuliza mkono wake umempata nini.

Tabasamu la Belarmina likaondoka. Halikuondoka haraka.

Kati ya robo na robo kuna dakika mbili. Wenzake walimzunguka kocha. Yeye hakwenda. Alikaa chini akavua viatu, kwanza kimoja, halafu cha mguu mbovu, akikunja uso. Akaniambia, "Babu, mwaga maji pale kona."

Nilichelewa kuelewa, uzee huo. Kisha nikaelewa, nikaenda nikamwaga nusu ndoo na kuanza kupiga deki polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Mwamuzi akaja juu. Nikamwambia ni bati, baba, linavuja, nipe dakika moja. Bati lilikuwa jipya. Akatazama juu, akanitazama, akaondoka ananung'unika.

Belarmina alikuwa amesimama mbele ya Mina. "Njoo. Vua viatu."

Msichana akasema mchezo unaanza.

"Vua, nimesema."

Wakaja wawili, miguu mitupu juu ya maji yangu, wameshikana mkono, mbele ya watu elfu tatu ambao hawakujua wanatazama nini. Mimi nazunguka nao na fagio. Belarmina akaugonga ubao wa kwanza kwa kisigino. "Huu." Akasogea. "Na huu." Walipofika wa nne Mina akasimama. Sikuwa mbali, nilimsikia vizuri, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Somo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua. Nilikudanganya. Tembea, muda unakwisha."

Wakatembea. Wa tano, wa sita, wa saba. Kwenye wa nane msichana akasema, "Na mkono wangu?"

"Mkono wako hauna kitu. Haujawahi kuwa na kitu." Akaugonga wa tisa. "Na huu. Basi."

Mina akautoa mkono wake, akaenda kuvaa viatu bila kugeuka. Belarmina akarudi kwenye benchi, viatu vyake akaviweka mapajani. Hakuvivaa. Mwalimu Guambe alikuja anataka kumwambia jambo, akaiona miguu ile mitupu, na kwa kuwa yupo Estiva tangu enzi za Arlete, akajua ameshamaliza. Akamwambia Mina aingie.

Tulishinda kwa pointi tatu. Dakika ya mwisho Mina alimsukuma mlinzi wa Luanda mpaka kwenye ubao wa nne, nilihesabu mimi mwenyewe, na mpira ukakaa.

Kombe alilipokea Belarmina, maana ndiye aliyekuwa nahodha. Picha ipo, imetundikwa langoni. Ukiitazama vizuri utaona yuko miguu mitupu, na macho yake hayako kwenye kombe, yametazama kushoto, ambako watu wamembeba Mina mabegani.

Baada ya hapo nilimkuta kwenye ngazi alipokaa Arlete siku ile. Nilimwambia amefanya vizuri. Akasema nisimpambe.

"Mpira ulipomfia mara ya kwanza nilisikia utamu, Babu. Hapa," akagusa koo. "Mara ya pili pia. Unadhani ya tatu nilimwonea huruma? Ya tatu pia."

Nikamwuliza na sasa je.

"Sasa ndiyo naungua kabisa. Amelichukua lile langu, akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nitasubiri nini?"

Nilikaa naye. Nilikuwa na chungwa mfukoni, tukagawana.

Jumatatu ilikuwa sikukuu kwa bandari nzima, na adhuhuri Mama Rosita alipika. Alichinja kuku wawili. Zulmira alikuja na kapulana mpya, anajigamba kwa majirani kwamba amezaa bingwa mmoja kwa majina mawili. Mina alikuja naye. Nilimwangalia alivyoingia. Siku zote alikuwa akimwamkia somo wake kwa kupiga goti na kumpa mikono yote miwili. Siku hiyo alisema habari za mchana kwa wote kwa pamoja, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. Zulmira hakuona. Belarmina aliona, akajishughulisha na glasi.

Mama Rosita akaanza kupakua. Akampakulia Mina kwanza, wali, matapa, kipande cha kuku. Kisha upawa ukaruka sahani ya Belarmina ukaenda kwa Zulmira. Zulmira, anajua sehemu yake, akauliza, "Na huyu mwanangu mwingine?"

"Nimeshampa Belarmina," akasema mama, na watu wakaanza kucheka.

"Hajala," akasema Mina.

Hakusema kwa nguvu. Mama Rosita akabaki na upawa hewani, mchuzi unadondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Bibi, huyu hajala," akasema tena Mina, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwita mama yule bibi, si mama. "Mimi nimekula changu. Yeye ni yeye. Mpe chakula chake."

Zulmira akafungua mdomo amkemee mtoto, akamtazama mwanawe, akamtazama rafiki yake, akaufunga. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba yale ya langoni hayakuwa utani. Sijui kama lile lilikuwa teke au lilikuwa zawadi, na wala sikuwahi kumwuliza yule msichana. Mama Rosita akapakua polepole, akaisogeza sahani mbele ya mtoto wake wa kumzaa.

Belarmina akasema asante, Mina. Akala. Alikula wali wote na matapa yote, ameinama, kama mtu aliyetoka safari. Na kabla hajaanza kuku wake nilimwona anainua jicho, upesi, kuchungulia sahani ya upande wa pili, aone paja amepewa nani.